Profesheno aliyetupima kwenye mizani ya kahawa: kisa cha meneja wetu wa mpira, Muleba

Wakuu, salaam kwenu nyote, mnaosoma kwa simu na mnaosoma kwa kompyuta ya ofisi huku bosi akidhani mnafanya kazi.

Jukwaa hili la michezo nalisoma kwa muda mrefu bila kuandika. Leo nimeshindwa.

Niko guest moja hapa Tunduma, nimefungulia redio ya humu chumbani. Nasikia mtangazaji mwenye sauti laini anamwita mtu fulani "hazina ya soka la Kagera", eti "legend aliyeleta mbinu za kisasa za ukocha vijijini". Akaitaja historia yake. Nikaweka kikombe cha chai chini.

Mtu huyo namfahamu. Alikuwa meneja wangu.

Sitaongeza chumvi, kwa sababu mambo yenyewe yanatosha. Isitoshe, humu ndani wamo watu wa Muleba waliokuwepo, nikikosea watanirudi mchana kweupe. Jina lake silitaji, ana wajukuu ambao hawajanikosea kitu. Kijiji nacho nakiacha. Sisi tulimwita Profesheno, na yeye alilipenda jina hilo kuliko la ubatizo.

Tuanze na CV yake, maana ndiyo iliyotuponza.

Profesheno alizaliwa kilimani kwetu, akacheza mpira wa majani ya migomba kama sisi wote. Kipaji alikuwa nacho, hilo sibishi. Akaenda Dar, akapata timu kubwa, akakaa benchi. Halafu ikawa bahati, akachukuliwa Uarabuni, akacheza misimu kadhaa kwa mshahara. Goti likakataa. Akarudi nyumbani na begi la magurudumu, tracksuit ya kung'aa, na filimbi ya chuma shingoni ambayo hakuivua hata kanisani.

Ukimuuliza kwa nini hakufika Ulaya, jibu lilikuwa moja: vita.

"Kama si vita vya Amini, sasa hivi mngekuwa mnaniona kwenye gazeti la Kijerumani."

Wakuu, vita vile vilikuwa vibaya kweli. Nilikuwa mtoto, nawakumbuka watu wa kaskazini ya mto Kagera wakipita na magodoro kichwani, na mama akiwamenyea bitoke, ndizi zetu za kupika, usiku na mchana. Lakini vita hivyo hivyo vimewazuia watu wengi mno wa Kagera kwenda Ulaya. Hata mjomba wangu mmoja aliyeacha shule kwa kuogopa hesabu, naye vilimzuia.

Basi akakabidhiwa timu yetu ya kijiji. Ngurumo tuliiita. Mimi nilikuwa nimemaliza form four, nasubiri maisha yanifuate nyumbani, na ndani ya Ngurumo nilikuwa beki wa akiba. Akiba kweli, ya kuwekwa tu.

Mnaojua miaka ile mnajua hali ilivyokuwa. Ukimwi ulikuwa umeingia, watu wakiuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo kutoka Uganda. Kila juma kuna msiba. Majembe yalikuwa hayalimi tena, yalichimba makaburi tu. Mtu akikonda kidogo, hata kwa malaria, wanaanza kumtazama shingo.

Katikati ya hali hiyo Profesheno akaja na sayansi.

"Kule nilikocheza, mchezaji anapimwa uzito kila wiki. Fitness! Anayepungua ana tatizo. Anayepungua sana, ana tatizo kubwa. Sitaki kupeleka wagonjwa uwanjani Bukoba."

Mizani ya watu hatukuwa nayo. Akaenda kwa karani wa chama cha kahawa, wakaelewana. Kila Jumamosi jioni, lori likishabeba magunia kwenda Bukoba, sisi tunapanga foleni nje ya ghala, tunapanda mmoja mmoja kwenye lile bamba la mizani ambalo wazazi wetu waliwekea kahawa. Karani anasukuma jiwe kwenye mkono wa mizani, anatangaza kilo kwa sauti, kama anavyotangaza magunia.

Na wa kwanza kupanda alikuwa Profesheno mwenyewe.

"Themanini na nne!"

"Mnaona?" anajipiga kifua. "Mwili wa kulipwa huu."

Sasa niwaambie sayansi hiyo ilitufikisha wapi. Kijiji kizima kilikuwa kinakuja kusikiliza. Ikawa kupungua kilo mbele ya watu ni hukumu. Basi Jumamosi mchana mchezaji anakula sahani ya bitoke na maharage mpaka macho yanamtoka, anashindilia maji, wengine wanamalizia na lubisi, pombe yetu ya ndizi. Kipa wetu alikuwa anaweka mawe kwenye soksi. Kwenye mazoezi hakuna aliyetaka kukimbia, jasho ni kilo.

Profesheno akafurahi. "Timu inajenga mwili!"

Timu iliyojenga mwili ikaenda kucheza na vijana wa Kishanda, waliokondeana kama miti ya maharage. Walitupiga mpaka mchungaji mmoja wa mbuzi pembeni ya uwanja akatuhurumia, akawa anatushangilia sisi.

Mchezaji mmoja tu hakushiriki upuuzi huo. Deo, winga wa kulia, jezi namba saba. Mwembamba wa kuzaliwa, anakimbia kama anafukuzwa. Kilo zake zilikuwa sitini na sita, hazipandi wala hazishuki, kwa sababu alikula alipokuwa na njaa na kukimbia alipopewa mpira.

Deo alikuwa amechumbia. Binti anaitwa Jeneroza, wa mzee Felisiani. Posa imepokelewa, mtungi wa lubisi umenyweka, mbuzi amepelekwa. Kilichobaki ni mavuno ya kahawa yaishe, harusi ifungwe. Deo alikuwa na wasiwasi na furaha kiasi kwamba hata warm-up alifanya huku akitabasamu peke yake.

Jumamosi moja mjomba wake akafariki upande wa Rubya. Wakasema ni kifua. Deo akaenda kuzika, kwa hiyo hakupimwa na sisi.

Mtu mwenye akili angesubiri Jumamosi ifuatayo. Profesheno alisubiri hadi Jumanne. Siku ya kununua kahawa, foleni ya wakulima imezunguka ghala, kila mtu na gunia lake. Akamvuta Deo kwa mkono mpaka mbele.

"Wazee samahani, ni dakika moja, kazi ya timu."

Deo akapanda. Karani hakutaka, alikuwa anajikuna-kuna, ila Profesheno alishasimama pale na filimbi yake. Jiwe likasukumwa. Karani akasema kwa sauti ndogo.

"Ngapi? Hatusikii!"

"Sitini."

Wakuu, nilikuwepo, nimekuja na gunia la mama. Kilo sita kwa siku chache, na ametoka kumzika mjomba.

Profesheno akamwekea mkono begani, tena kwa mkono ulionyooka, kama anamsogeza mbali. "Pumzika kidogo, kijana wangu."

Kupumzika! Neno hilo miaka ile tulilisoma kwenye misalaba.

Kuanzia siku hiyo Deo alikuwa amekufa ila hajazikwa. Kwetu lubisi inanywewa kibuyu kimoja, kinazunguka kutoka mkono hadi mkono. Jioni ile ile kibuyu kilimfikia Deo, kikampita. Mtu mmoja mwenye huruma akamletea kikombe chake peke yake. Huruma ile ilikuwa mbaya kuliko tusi. Deo alikitazama kikombe, akaaga, akaondoka.

Jezi namba saba ikakosa mvaaji. Tulicheza mechi zilizofuata tukiruka kutoka sita kwenda nane, na Profesheno akaona ni sawa tu.

Mzee Felisiani akarudisha mbuzi. Sikilizeni hiyo: mbuzi akarudi amenenepa kuliko alivyokwenda, na kuna watu walilisema hilo kama ushahidi.

Jeneroza akafungiwa jikoni kwao. Tulisikia analia, na mama yake anamwambia anyamaze, wapita njia wasije wakamwogopa na yeye.

Sasa Deo alikuwa na mama. Ma Koleta, mjane, mwanamke mfupi mwenye kauli. Wiki mbili baadaye, siku ya kununua kahawa, alifika na gunia lake kichwani. Profesheno alikuwa pale amekaa juu ya magunia, anawasimulia wakulima goli alilofunga Uarabuni dhidi ya kipa wa mfalme. Kila alipolisimulia, kipa alikuwa mrefu zaidi.

Ma Koleta akalishusha gunia, akaweka mikono kiunoni, akamwita kwa heshima zote za Kihaya.

"Profesheno, waitu, nasikia wewe ni mzito sana."

"Themanini na nne, mama."

"Eee! Mimi sijawahi kuona. Jumamosi niko shamba. Hebu panda na mimi nione mwili wa kulipwa."

Watu wakacheka. Karani akaruka kama kaumwa na siafu.

"Kocha, acha, leo mizani ina kazi. Njoo Jumamosi."

"Dakika moja tu," akasema Profesheno, na tayari alikuwa ameshapanda, kifua mbele, filimbi inang'aa. Yule bwana hakuwahi kupita mbele ya watazamaji bila kuwapa kitu.

Karani akawa anasukuma jiwe polepole, jasho linamtoka. Mzee mmoja wa mbele kwenye foleni, anayejua kusoma, akainama mwenyewe akatazama.

"Sabini na nane."

"Soma vizuri, mzee."

"Sabini na nane, mwanangu."

Kilo sita. Zile zile.

Mama mmoja aliyekuwa jirani na Profesheno akavuta gunia lake pembeni. Halafu mwingine. Taratibu tu, bila maneno, pakawa na nafasi kumzunguka, kama vile amemwagikiwa na kitu. Nilimwona usoni akiielewa ile nafasi. Ndipo mtaalamu wetu wa fitness akapiga kelele iliyofika barabarani:

"Mizani hii inaiba!"

Yule mzee akaweka mkono sikioni. "Rudia, mwanangu. Mizani ya chama inafanya nini?"

"Inaiba! Mimi sijapungua! Inaiba kilo sita hii!"

Mbwenu, yaani sasa hapo! Karani alikuwa ameshaingia ofisini na kujifungia. Vijana wakainua bamba, wakakuta vipande vya bati vimechomekwa chini. Siku za kununua vinakuwepo, mkulima anapunjwa. Jumamosi, wakati wa kupakia lori la Bukoba, vinatolewa, kahawa inahesabiwa uzito wake, na ziada ni ya wakubwa. Sisi wachezaji tulipimwa Jumamosi lori likishaondoka, yaani tulipimwa na mizani ya haki. Deo peke yake alipimwa na mizani ya wakulima.

Hapa ndipo ninapowadharau watu wa kwetu, nikiwemo mimi. Tangu niko mdogo nasikia wazee wakilalamika kwamba mizani ile inaiba. Kila msimu. Kwenye pombe, msibani, nje ya kanisa. Mtoto wa chekechea alijua mizani inaiba. Lakini siku ilipompima Deo, katikati ya msimu, siku ya kununua, hakuna hata mmoja kati yetu, wasomi wa kujitapa kote nchini, aliyesema jamani, hii si ndiyo ile mizani? Kahawa yetu tuliitetea kuliko mtu.

Mkafikiri mambo yakaishia hapo? Subirini.

Pakawa na mkutano wa chama, moto kabisa. Kilo za kahawa zilijadiliwa siku nzima. Karani akahamishiwa chama kingine, nadhani huko nako walihitaji uzoefu wake. Ma Koleta akasimama mwishoni akauliza:

"Na mwanangu?"

Mwenyekiti akamtazama Profesheno. Profesheno akasimama, akarekebisha tracksuit.

"Mimi suala langu limeeleweka, mizani ilikuwa mbovu. Deo ni suala jingine. Alikuwa na dalili."

"Dalili gani?"

"Kitaalamu, mama, ni vigumu kukueleza."

Basi wazee wakaona busara ni kwamba Deo apimwe upya. Jumamosi, mizani imetengenezwa, mbele ya kila mtu, na mzee Felisiani asimame pale asome mwenyewe. Zikitimia sitini na sita, mbuzi anarudi na harusi inaendelea. Ma Koleta alikubali, masikini, alitaka tu mwanawe atazamwe tena kama mtu.

Jumamosi hiyo walijaa watu kuliko mechi yoyote tuliyowahi kucheza. Mzee Felisiani alivaa koti na kofia ya kanisani. Jeneroza aliruhusiwa kuja, akasimama na wanawake. Profesheno alikuwa karibu na mizani, anaipangusa kwa leso.

Deo akatokea kwa njia ya juu. Ana mfuko mgongoni, na viatu vyake vya mpira amevifunga kamba na kuvitundika shingoni. Akafika mpaka kwa mzee Felisiani, akainama.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Panda, mambo yaishe."

"Tata, umenijua tangu nakuchungia mbuzi. Mbona hukunipima wakati ule?"

"Si mimi, Deo. Ni watu."

"Watu wana kahawa yao ya kupima."

Profesheno akaingilia kwa ile sauti yake ya mazoezini. "Panda kijana, acha ubishi, ni sekunde tu!"

Deo akamgeukia. Hakupandisha sauti.

"Wewe ulipopungua ulisema mizani inaiba. Mimi nilipopungua ulisema naumwa. Na mizani ni hii hii, waitu."

Kuna watu walicheka, halafu wakaacha.

Deo akamshika mama yake mkono, wakasemezana Kihaya kwa chini, sikusikia. Kisha akashika njia ya kuteremka ziwani, kwenye mitumbwi ya visiwani. Jeneroza alimfuata mpaka kwenye kona ya barabara. Baba yake akamwita kwa jina lake lote, la nyumbani na la ubatizo. Akasimama pale pale kwenye kona, hakurudi wala hakuendelea, mpaka Deo akapotea kwenye migomba.

Baadaye aliolewa na mwalimu mmoja huko Kagoma.

Profesheno je? Alipandishwa cheo! Timu ya mjini Bukoba ikamchukua, ikasikia kuna kocha anayetumia sayansi. Akatoka huko akaenda Mwanza, kisha kwingine, kila mahali akiacha timu ilipo na kubeba sifa. Sasa hivi ni hazina.

Mimi nami nikaondoka, nimezunguka nchi hii mpaka nimechoka kujieleza kwetu ni wapi. Miaka mingi baadaye nilipita Bukoba, nikashuka pale mwalo wa Nyamkazi kununua samaki. Nani ananiuzia? Deo. Ana kitambi, ana mvi, ana kicheko kikubwa. Alioa huko huko visiwani, watoto wamekua.

"Umenenepa, bwana!" nikamwambia.

"Punguza sauti, watakuja kunipima."

Tulicheka sana. Kisha nikamuuliza jambo lililonisumbua miaka yote. Kwa nini hakupanda? Mizani ilikuwa imetengenezwa. Ingesema sitini na sita, angemwoa Jeneroza, angebaki na kibanja, shamba la baba yake. Sekunde tu.

Aliendelea kupanga samaki kwanza. Akasema:

"Ningepanda siku ile, ningekuwa napanda mpaka leo. Nikikohoa, panda. Mtoto akiharisha, panda. Mke akipata homa, tuleteeni Deo apande. Mimi si gunia."

Akanifungia samaki wangu, akanisindikiza hadi barabarani.

Wakuu, nilichokipata mimi kwenye kisa hiki ni kidogo. Mtu aliyecheza mpira vizuri amejifunza kucheza mpira. Akija kwenu na filimbi na hadithi za Uarabuni, mpeni mpira afundishe mpira. Mkimpa na watu, mtaletewa sayansi.

Na redio zetu, kabla ya kumwita mtu hazina, ziwe zinawauliza waliocheza chini yake.

Nawaachia uwanja. Mwenye meneja wake wa aina hii amlete hapa tumjue. Wanaotaka kumtetea wangu nao waje, ubishi ni ruksa. Na wewe wa Muleba uliyekuwepo kwenye ule umati siku Deo anateremka ziwani, usinitumie ujumbe wa pembeni. Andika hapa hapa, mbele za watu, kwa nini hukumwita arudi.